Puto na Mizani: Maisha ya Andreas Grüntzig (1939–1985)

Utangulizi

Mtu akiambiwa na daktari kwamba ana presha, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye moyo. Atajiuliza kuhusu chumvi, mafuta, mawazo mengi na uzee. Ni nadra afikirie figo. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao shinikizo lao la damu hupanda na kukataa kushuka kwa sababu ateri inayopeleka damu kwenye figo imekuwa nyembamba. Hadi miaka ya 1970, mgonjwa wa namna hii alikuwa na njia mbili: kumeza dawa, ambazo wakati huo zilikuwa chache na zenye madhara mengi, au kulala kwenye meza ya mpasuaji ili ateri itengenezwe upya au figo yenyewe iondolewe. Mnamo mwaka wa 1978 ilitangazwa njia ya tatu. Puto dogo lilipitishwa ndani ya mshipa kutoka kwenye paja hadi mahali palipobana, likajazwa kwa muda mfupi, likanywea na kutolewa. Mgonjwa alikuwa macho wakati wote.

Makala haya yanasimulia maisha ya daktari aliyelibuni puto hilo, Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyefanya kazi yake kubwa nchini Uswisi na kufia Marekani. Wengi waliomwandikia wasifu wamemsifu kwa ubunifu wake na kwa tiba ya moyo iliyompa jina. Sifa hizo anazistahili. Lakini ipo sifa nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo msingi wa makala haya: Grüntzig aliihesabu kazi yake mwenyewe hadharani, mafanikio na makosa pamoja, na alidai kwamba uvumbuzi wake upimwe kwa mizani isiyompendelea. Mizani hiyo ilipokuja kuwekwa juu ya tiba ya ateri za figo, yeye alikuwa amekwisha kufa, na jibu lake halikuwa lile ambalo wafuasi wake walilitarajia.

Utoto wa Vita na Uhamaji

Andreas Grüntzig alizaliwa tarehe 25 Juni 1939 katika mji wa Dresden, Ujerumani, miezi michache tu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza. Baba yake alikuwa mwalimu wa sayansi. Vita vilimchukua na hakurudi. Mama akabaki na wana wawili, Johannes na mdogo wake Andreas, katika nchi iliyokuwa magofu. Mnamo 1950 mama huyo aliwachukua wanawe akavuka nao bahari hadi Ajentina, akitarajia kuanza maisha upya miongoni mwa jamaa. Ugenini hakukukalika. Baada ya muda usio mrefu walirudi Ujerumani, wakaishi Leipzig, mji uliokuwa chini ya utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki.

Huko Leipzig kijana Andreas alisoma katika shule ya Mtakatifu Thomas, shule kongwe inayojulikana ulimwenguni kwa sababu Johann Sebastian Bach aliwahi kufundisha muziki hapo. Alimaliza masomo yake ya sekondari mwaka wa 1957. Ukuta wa Berlin ulikuwa haujajengwa, na vijana wengi wenye elimu walikuwa wakihamia magharibi kimyakimya. Ndugu wawili hao nao walihama. Wote wawili walisomea udaktari Heidelberg. Johannes akawa daktari wa macho, na Andreas akahitimu mwaka wa 1964.

Miaka iliyofuata haikuonyesha dalili yoyote ya umaarufu. Alizunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine akifanya kazi za daktari mchanga. Jambo moja la kipindi hicho lastahili kukumbukwa. Katikati ya miaka ya 1960 alikwenda London kusomea takwimu za maradhi, yaani namna ya kuhesabu wagonjwa, kufuatilia hali zao na kulinganisha kundi na kundi kabla ya kutoa hukumu. Kwa daktari aliyetamani kufanya kazi za mikono, masomo hayo yangeweza kuonekana kama kupoteza wakati. Baadaye yalikuja kuwa nguzo ya tabia yake.

Mishipa Iliyobana na Njia ya Dotter

Ili kuielewa kazi ya Grüntzig, ni muhimu kuanza na tatizo lenyewe. Ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Kadiri mtu anavyozeeka, na hasa akiwa mvutaji sigara, mgonjwa wa kisukari au mwenye mafuta mengi katika damu, kuta za ateri hujenga utando mnene wa mafuta, chembechembe na chokaa. Njia ya damu hupungua. Ikiwa ni ateri ya mguu, mtu huumwa anapotembea, na hatimaye mguu huweza kuoza. Ikiwa ni ateri ya moyo, kifua hubana. Ikiwa ni ateri ya figo, maumivu hayapo, ila shinikizo la damu hupanda mwili mzima.

Mtu wa kwanza kujaribu kuifungua ateri kutoka ndani bila kuupasua mwili alikuwa Mmarekani, Charles Dotter, daktari wa eksirei mjini Portland katika jimbo la Oregon. Tarehe 16 Januari 1964 alimtibu mama mwenye umri wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza na ambaye alikuwa amekataa kukatwa. Dotter aliingiza waya mwembamba kwenye ateri ya paja, akaupitisha mahali palipobana, kisha akasukuma juu ya waya huo mirija migumu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mnene kuliko uliotangulia. Mguu ukapata joto. Mama huyo aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili hadi alipokufa kwa sababu nyingine.

Wapasuaji wengi wa Marekani waliipuuza njia hiyo. Ilipata makao Ulaya, hasa Ujerumani, ambako daktari Eberhard Zeitler aliiendeleza kwa bidii hata Wajerumani wakaunda kitenzi kutokana na jina la Dotter. Lakini njia yenyewe ilikuwa na upungufu ambao haungeweza kufichika. Ili kuipanua ateri kwa kiasi fulani, mrija wenyewe ulipaswa kuwa na unene huohuo, na kwa hivyo tundu la kuingilia pajani nalo lilipaswa kuwa kubwa kiasi hicho. Aidha, mrija mgumu uliukwangua utando kwa mbele na ungeweza kung'oa vipande na kuvisukuma mbali zaidi. Kwa mguu hatari hiyo ilivumilika. Ateri ya figo inachipuka kutoka mshipa mkuu kwa pembe kali, na ateri za moyo ni nyembamba na zimejikunja. Huko mrija wa Dotter haungeweza kufika kwa usalama.

Grüntzig aliisikia habari ya Dotter mwishoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa akifanya kazi Ujerumani. Mwaka wa 1969 alihamia Hospitali ya Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, katika idara ya maradhi ya mishipa, akaenda kwa Zeitler kujifunza, kisha akarudi kuitumia njia hiyo kwa wagonjwa wake. Aliona manufaa yake, na aliuona vilevile upungufu wake. Swali alilojiuliza lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, kingepatikana chombo kinachoingia kikiwa chembamba, kikafura pale tu panapohitajika, na kisha kikanywea ili kitoke?

Meza ya Jikoni

Jibu la haraka lilikuwa puto, na wengine walikuwa wamelifikiria kabla yake. Tatizo lilikuwa kwamba puto la mpira hutii sheria ya mpira. Likikutana na mahali pagumu hukataa kufura hapo, likafura upande ambao ni laini, yaani kwenye sehemu nzima ya mshipa, na kuweza kuipasua. Kilichotakikana ni puto lenye umbo la soseji, lenye kipenyo kilichowekewa mpaka, ambalo hata likisukumwa kwa nguvu haliongezeki unene bali hugeuza nguvu hiyo kuwa shinikizo dhidi ya utando.

Hospitali haikumpa maabara ya kazi hiyo. Akaigeuza jikoni ya nyumba yake kuwa maabara. Jioni, baada ya saa za kazi, alikaa mezani pamoja na msaidizi wake Maria Schlumpf, mume wa msaidizi huyo, Walter, na mkewe mwenyewe Michaela, wakikata mirija, wakiipaka gundi, wakiifunga nyuzi na kuijaribu. Kwanza walijaribu kuuzungushia mpira wavu wa nyuzi za hariri ili usifure kupita kiasi. Baadaye Grüntzig alimwendea profesa mstaafu wa kemia, Heinrich Hopff, aliyemweleza sifa za plastiki ya PVC. Waligundua kwamba kipande cha mrija wa PVC kikipashwa moto na kujazwa hewa ndani ya kalibu, hutoa kijiputo chenye kuta nyembamba na imara, ambacho hubaki na kipenyo chake hata kikisukumwa kwa nguvu.

Tarehe 12 Februari 1974 puto la kwanza lilitumiwa katika ateri ya mguu wa mgonjwa. Mwaka uliofuata Grüntzig alikuwa na katheta yenye njia mbili ndani yake: moja ya kulijaza puto, na nyingine ya kupitishia rangi inayoonekana kwenye eksirei na ya kupimia shinikizo la damu. Njia hii ya pili ni rahisi kuipuuza, ilhali ndani yake mna tabia nzima ya mtu huyu. Daktari aliweza kulipima shinikizo kabla ya mahali palipobana na baada yake, akalijaza puto, kisha akapima tena. Ikiwa tofauti ya vipimo viwili haikupungua, hakuna aliyeweza kujidanganya kwamba kazi imefaulu.

Kutoka Mguuni hadi Moyoni

Nia ya Grüntzig tangu awali ilikuwa kufika kwenye moyo. Alianza na mbwa. Kwa msaada wa mpasuaji Marko Turina, aliifunga ateri ya moyo wa mbwa kwa uzi ili ibane, kisha akaifungua kwa puto. Mnamo Novemba 1976 aliyapeleka matokeo hayo kwenye mkutano wa Shirika la Moyo la Marekani mjini Miami. Wengi waliosimama mbele ya bango lake walitikisa vichwa na kwenda zao. Mmoja wa waliobaki kumsikiliza alikuwa Richard Myler, daktari wa moyo kutoka San Francisco. Mnamo Mei 1977 wawili hao, wakishirikiana na wapasuaji, walilijaribu puto katika ateri za wagonjwa waliokuwa tayari wamefunguliwa vifua kwa ajili ya upasuaji. Walitaka kujua kama utando uliobanwa ungetoa vipande na kuvisukuma mbele. Haukutoa.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, Grüntzig alimtibu mgonjwa wa kwanza aliyekuwa macho, bila kifua chake kufunguliwa. Mgonjwa huyo alikuwa na umri wa miaka 38, rika moja na daktari wake. Mpasuaji mkuu wa moyo, Åke Senning, aliweka chumba cha upasuaji tayari kwa dharura. Msaada wa Senning hauna budi kuheshimiwa, kwa kuwa puto likifaulu lingewapunguzia wapasuaji kazi, naye alilijua hilo. Puto lilijazwa mara mbili. Tofauti ya shinikizo ikashuka, na maumivu ya kifua yakatoweka. Miaka 10 baadaye, mgonjwa huyo alipochunguzwa tena mjini Atlanta, ateri ile ilikuwa ingali wazi.

Alipowasilisha habari za wagonjwa wake wanne wa kwanza mbele ya shirika lilelile la Marekani mwishoni mwa mwaka wa 1977, ukumbi ulimpigia makofi. Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Lakini mwaka wa 1979 Grüntzig na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine taarifa ya wagonjwa wao 50 wa kwanza. Walieleza kwamba tiba ilifaulu kwa 32. Hesabu ya wale ambao haikufaulu kwao, 18, haikufunikwa. Watano walihitaji upasuaji wa dharura. Walikadiria kwamba tiba hiyo ingewafaa takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya wagonjwa waliokuwa wakipangiwa upasuaji wa moyo, wakamalizia kwa kusema kwamba palihitajika jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa kura, ili puto lilinganishwe na upasuaji na dawa. Mtu aliyekuwa akishangiliwa dunia nzima alikuwa akiwaonya wanaomshangilia.

Ateri ya Figo

Turudi sasa kwenye figo. Figo mbili za binadamu hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni. Kazi yake haiishii kwenye kuchuja uchafu. Huangalia pia kiasi cha chumvi, maji na shinikizo la damu. Mfano wa mfereji wa kumwagilia mashamba unaweza kutusaidia. Mkulima aliye mwisho wa mfereji, akiona maji hayamfikii, hudhani kwamba mto umepungua. Hupiga kelele hadi lango la juu lifunguliwe. Kumbe mto umejaa, na kilichoharibika ni mfereji wake uliozibwa na tope. Lango likifunguliwa, mashamba ya wenzake hufurika.

Ndivyo inavyofanya figo ambayo ateri yake imebana. Ikipata damu kidogo, hudhani mwili mzima umepungukiwa. Hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo huzalisha angiotensini. Mishipa mwilini hujibana, chumvi na maji huzuiwa, na shinikizo hupanda. Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1934 na Harry Goldblatt huko Cleveland, Marekani, alipozibana ateri za figo za mbwa kwa koleo ndogo na kuona shinikizo lao likipanda. Tangu hapo madaktari walikuwa na tumaini la kimantiki kabisa: ikiwa kuibana ateri huleta presha, basi kuifungua kutaiondoa.

Upasuaji ulijaribu kulitimiza tumaini hilo kwa gharama kubwa. Ateri ya figo imejificha nyuma ya tumbo, na wagonjwa wengi walikuwa wazee wenye moyo dhaifu. Puto la Grüntzig lilikuwa kana kwamba limetengenezwa kwa ajili yao. Mwaka wa 1978 yeye na wenzake wa Zürich, ambao miongoni mwao walikuwamo Ulrich Kuhlmann na Wilhelm Vetter, walieleza katika jarida la Lancet jinsi walivyomtibu mgonjwa wa shinikizo la damu kwa kuipanua ateri yake ya figo kwa puto. Katheta iliingizwa pajani kwa ganzi ya mahali pale tu, ikapandishwa ndani ya mshipa mkuu hadi kwenye tawi la figo, puto likajazwa, na shinikizo la damu likashuka.

Habari hiyo ilienea upesi. Miongoni mwa waliofaidika sana ni wagonjwa wa maradhi ambayo hayatokani na uzee wala mafuta, bali na ukuaji usio wa kawaida wa nyuzi katika ukuta wa ateri. Maradhi haya huwapata zaidi wanawake, na baadhi yao ni vijana. Kwao puto pekee, bila kifaa kingine, mara nyingi hutosha, na baadhi yao huacha kabisa kumeza dawa. Kwa wazee wenye utando wa mafuta mambo yalikuwa magumu zaidi. Utando wao mara nyingi hukaa kwenye mdomo wa ateri, mahali inapotoka kwenye mshipa mkuu, na puto likinywea ateri nayo hurudi kubana. Katika miaka ya 1990 madaktari walianza kuacha humo stenti, yaani kimrija cha waya kinachoushikilia ukuta usirudi. Picha za eksirei zikawa za kupendeza: kabla, uzi mwembamba wa damu, baada, mkondo mpana.

Atlanta na Kifo

Grüntzig hakuyaona hayo ya stenti. Huko Zürich vitanda na nafasi za kazi alizopewa havikulingana na wingi wa wagonjwa waliomtafuta. Mwaka wa 1980 alihamia Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, Marekani, akawa profesa. Tangu mwaka wa 1978, angali Zürich, alikuwa ameanzisha mafunzo ya aina mpya. Madaktari kutoka nchi nyingi walikaa ukumbini wakitazama kwenye televisheni, moja kwa moja, jinsi alivyomtibu mgonjwa katika chumba kingine. Ateri ikipasuka au puto likikataa kupita, wote waliona. Desturi hiyo aliihamishia Atlanta, na hadi leo mikutano ya fani hiyo huifuata.

Huko Emory alisisitiza kwamba kila mgonjwa aitwe tena na kuchunguzwa baada ya miezi kadhaa. Ufuatiliaji wa namna hiyo ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya ateri za moyo zilizofunguliwa kwa puto zilibana tena. Ilikuwa habari isiyopendeza, na ndiyo iliyowasukuma watafiti waliofuata kutafuta stenti. Alitaka pia kuliona lile jaribio la kura alilolidai tangu 1979. Wenzake wa Emory walilianzisha baada ya kifo chake, na matokeo yalipotoka mwaka wa 1994 hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya puto na upasuaji katika yale makuu waliyoyapima kwa miaka mitatu.

Nje ya hospitali, Grüntzig alikuwa mtu wa kupenda kasi. Alikuwa rubani na alimiliki ndege ndogo. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika, akamwoa Margaret Anne Thornton, daktari kijana wa eksirei. Tarehe 27 Oktoba 1985 wawili hao waliondoka kwenye nyumba yao ya mapumziko katika pwani ya Georgia kurudi Atlanta, ndege ikiendeshwa na Grüntzig mwenyewe. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege ilianguka karibu na mji wa Forsyth, na wote wawili wakafa. Yeye alikuwa na umri wa miaka 46. Mtu aliyezipima hatari za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa namna ile, siku hiyo aliingia mawinguni.

Mwaka huo wa 1985 ulikuwa mwaka wa msiba kwa fani hiyo. Charles Dotter alikuwa amefariki mwezi Februari. Melvin Judkins, aliyekuwa naye siku ile ya mama wa Portland, alikuwa amemtangulia mwezi mmoja kabla. Mason Sones, aliyeanzisha upigaji picha wa ateri za moyo, alifariki Agosti. Grüntzig akawafuata.

Mizani Baada ya Kifo

Je, tiba ya figo iliishia wapi? Kwa zaidi ya miaka 20 madaktari waliendelea kuzifungua ateri za figo kwa puto, na kisha kwa stenti, wakitegemea mantiki ya Goldblatt na uzuri wa picha. Hatimaye mizani iliwekwa. Mwaka wa 2000 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 106: puto halikuwa na faida kubwa kuliko dawa katika kushusha shinikizo. Mwaka wa 2009 ulitoka utafiti uitwao ASTRAL, ulioongozwa kutoka Uingereza na kuhusisha wagonjwa 806. Mwaka wa 2014 ukafuata utafiti wa CORAL, ulioongozwa kutoka Marekani, wenye wagonjwa zaidi ya 900. Jibu lilikuwa moja. Kwa wagonjwa wengi wenye utando wa mafuta kwenye ateri ya figo, kuongeza stenti juu ya dawa nzuri hakukuwazuia kufa, kupata kiharusi wala kuharibikiwa na figo kuliko dawa peke yake. Baadhi yao walidhurika kwa tiba yenyewe.

Sababu zake zinaeleweka tukiurudia mfano wa mfereji. Tope likikaa miaka mingi, shamba la mwisho hukauka na miche hufa. Kuuzibua mfereji baadaye hakuifufui. Figo iliyokaa muda mrefu na damu kidogo huwa imekwisha kupata makovu. Pia, mzee mwenye ateri iliyobana huweza kuwa na presha iliyotokana na sababu nyingine kabisa, na kubana huko kukawa mwandani tu wa presha, wala si mzazi wake. Zaidi ya hayo, dawa zilikuwa zimeboreka mno tangu 1978, zikiwamo zile zinazoizuia angiotensini yenyewe.

Hata hivyo, puto halikutupwa. Wanaotumia busara hulitumia kwa wagonjwa wa ule ukuaji wa nyuzi katika ukuta wa ateri, kwa wale ambao mapafu yao hujaa maji ghafla mara kwa mara kwa sababu ya kubana huko, na kwa wengine wachache ambao dawa zimeshindwa kabisa au figo zao zinadhoofika kwa kasi. Wapo wataalamu wanaosema kwamba tafiti zile kubwa ziliwajumuisha watu wengi wenye kubana kwa kiasi, na kwamba wagonjwa mahututi hawakuwakilishwa vya kutosha. Mjadala huo ni halali. Jambo lisilopingika ni kwamba mlango uliokuwa wazi kwa wengi sasa unafunguliwa kwa wachache waliochaguliwa kwa makini.

Hitimisho

Mtu anaweza kuisoma habari hii kama kushindwa kwa Grüntzig. Makala haya yanaisoma kinyume chake. Wafuasi walioridhika na picha nzuri walikuwa wameiacha njia ya mwalimu wao. Waliowagawa wagonjwa kwa kura na kuwahesabu walio hai na waliokufa ndio walioifuata. Taarifa ya mwaka wa 1979 ilikuwa imekwisha kueleza lipi lifanywe. Ilichelewa kutiiwa, na gharama ya kuchelewa huko ililipwa na wagonjwa walioingizwa katheta bila haja.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, wasifu wa namna hii una faida mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba lugha yetu haishindwi kuyaeleza mambo haya: figo, mshipa, puto, ganzi na shinikizo ni maneno tuliyonayo, na katheta au stenti hukaa miongoni mwao bila ugomvi. Mgonjwa wetu anayetakiwa kutia sahihi ya kukubali tiba ana haki ya kuelezwa katika lugha hiyo kile kitakachopitishwa mwilini mwake, kimewafaa wangapi, na kimewadhuru wangapi. Pili, tumezoea kuwasifu mashujaa wetu kwa ushindi wao pekee. Grüntzig alikuwa na 32 wa kujivunia. Akawaandika na wale 18.